Mchicha Ukipona, Mlaji Je?

Hotuba hii niliitoa Chake Chake, mbele ya wakulima wa mpunga na mboga, mabwana shamba na mabibi shamba, na wanafunzi wa kilimo. Wengi walizuiwa na mvua wakaomba waipate yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wakulima, na nyinyi vijana wetu mnaosoma kilimo: ahsanteni sana kwa kuja. Najua kila mmoja hapa ameacha kazi bondeni, na mpunga haumngoji mtu. Sitakuwekeni bila ya sababu.

Nianze na suali. Ukenda sokoni ukakuta mafungu mawili ya mchicha, moja majani yake mapana, laini, yamekoza kijani, na jingine limesinyaa kidogo na pembeni lina manjano, utanunua lipi? Nasikia mnasema la kwanza. Na mimi ningelinunua hilo hilo. Lakini wazee wetu walituambia: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nimekuja kuzungumza juu ya kile kilichomo ndani ya jani, ambacho jicho halikioni, ulimi hauonji, na maji ya kuoshea hayakitoi. Na nimekuja kuzungumza juu ya homoni za mimea, yaani kemikali ambazo mmea wenyewe unazitengeneza ili kujiamrisha, kwa sababu siku hizi watu wanatuuliza: je, ni kweli kwamba ukiloweka mbegu katika homoni, au ukipuliza majani, sumu ya metali nzito inapungua? Jibu ni ndiyo. Lakini ni ndiyo yenye masharti, na masharti yake ndiyo yaliyonitoa nyumbani leo.

Metali nzito ni zipi? Kadimiamu, risasi, zebaki, kromiamu, nikeli, na pamoja nazo huhesabiwa aseniki. Shaba na zinki pia zimo, ingawa hizi mbili mmea unazihitaji kidogo; zikizidi ndipo zinapogeuka sumu. Kadimiamu na risasi mmea hauzihitaji hata chembe. Na zote hizi zina sifa moja: haziozi. Dawa ya wadudu, nyingi yake, huvunjika baada ya muda. Mafuta yaliyomwagika huliwa na vijidudu vya udongo taratibu. Kadimiamu ikiingia kondeni kwako leo, itakuwemo atakapolima mjukuu wako.

Nitakupeni kisa cha Japani, kwa sababu wenzetu wale nao ni watu wa wali kama sisi. Katika mkoa wa Toyama kuna mto unaitwa Jinzu. Juu yake, milimani, kulikuwa na mgodi wa Kamioka uliochimba zinki na risasi. Maji machafu ya mgodi yakateremka mtoni, na mto huo ndio uliokuwa ukinywesha mabonde ya mpunga. Miaka ikapita. Wanawake wa vijiji vile, hasa waliokwisha kuzaa na kufika utu uzima, wakaanza kuumwa na mifupa. Si maumivu ya mgongo baada ya kupalilia. Mtu akikohoa, ubavu unavunjika. Wakauita ugonjwa ule itai-itai, kwa kilio cha wagonjwa wenyewe: inauma, inauma. Daktari wa pale pale, Noboru Hagino, ndiye aliyesimama akasema chanzo kiko mgodini, na alipingwa sana. Mwaka 1968 serikali ya Japani ikakubali rasmi: ni kadimiamu ya mgodi. Iliharibu figo, figo zikashindwa kuyashika madini ya mifupa, mifupa ikalainika. Na mashamba? Kazi ya kuyarejeshea udongo ulio salama ilikuja kumalizika mwaka 2012. Hesabuni wenyewe kutoka 1968.

Sasa nakuulizeni. Wakulima wale walikuwa wavivu? Walikuwa hawajui kilimo? Walipanda, wakapalilia, wakavuna, wakapika, wakawapa watoto wao. Kadimiamu ina tabia ambayo kila mkulima anapaswa kuijua: inaweza kujaa katika punje au jani kwa kiasi cha kumdhuru mtu, hali mmea wenyewe haujaonyesha dalili yoyote. Hapo ndipo macho yetu, ambayo tumeyategemea tangu enzi za mababu, hayatusaidii.

Pemba hatuna mgodi wa zinki, alhamdulillahi, wala sikuja kukutieni hofu. Lakini tuangalie tunavyoishi. Betri ya gari ikifa, hufunguliwa uani na risasi yake ikayeyushwa kutengenezea chubwi za mishipi. Ile asidi na vumbi vinabaki pale pale, na mwaka wa pili pale pale pamepandwa mchicha. Matairi huchomwa, na tairi lina zinki, na kadimiamu kidogo inayofuatana nayo. Majivu ya jaa, ambalo ndani yake kuna betri ndogo za redio, rangi na vipande vya simu, huchotwa yakatiwa bustanini kwa nia njema kwamba majivu ni mbolea. Majivu ya kuni ni mbolea. Majivu ya jaa si mbolea, nakuombeni sana. Maji ya gereji yanateremka kwenye mtaro, na mtaro unaishia bondeni. Petroli yenyewe ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kuangukia kando ya barabara kongwe bado ipo, kwani haishuki chini kwa urahisi. Na mbolea za fosfeti hutokana na mwamba, na mwamba mwingine una kadimiamu ya asili; Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo moja ya fosfeti iliyomo katika mbolea. Sisemi muache mbolea. Nasema someni mfuko.

Inaingiaje mmeani? Mzizi unatafuta chakula chake: zinki, chuma, manganizi, kalisiamu. Kila kimoja kina njia yake ya kuingilia, na njia hizo hazichagui vizuri. Kadimiamu inapita humo humo. Katika mpunga njia yake kubwa ni ile ya manganizi. Aseniki nayo, udongo ukiwa mkavu, hupita njia ya fosfeti. Bonde likijaa maji inabadilika umbo, ikapita njia ya silika, na mpunga ni mmea unaoipenda silika mno. Kwa hiyo ndugu zangu wa mabondeni, maji yenu yana nguvu kuliko mnavyodhani. Bonde likikaa na maji muda wote, aseniki inafunguka na kadimiamu inafungika. Likikauka, inakuwa kinyume. Hakuna kipimo kimoja cha maji kinachofaa kila bonde. Lazima kwanza ujue lililomo kwenye udongo wako.

Ikishaingia, inafanya nini? Inakaa mahali pa zinki ndani ya vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za mmea, na kimeng'enya kikabaki bila kazi. Inaharibu klorofili, ile rangi ya kijani, jani likawa manjano. Ncha za mizizi zinafupika na kuwa kahawia. Na kubwa kuliko yote, inaufanya mmea uzalishe oksijeni kali zinazounguza kuta laini za seli kutoka ndani. Mmea una kinga zake. Unazo kemikali za kuizima oksijeni kali. Unatengeneza vinyororo vidogo viitwavyo fitokelatini, vikaikamata kadimiamu, vikaipeleka kwenye mfuko wa ndani ya seli, vakuoli, ikafungiwa humo. Kwa hiyo mmea haukukaa bure. Shida ni kwamba mara nyingi unachelewa, au nguvu zake hazitoshi.

Na hapa ndipo zinapoingia homoni.

Mama zangu, nani hapa hajawahi kuvundika ndizi? Unachimba shimo, unapanga mikungu, unafunika majani, unatia moshi kidogo. Baada ya siku chache ndizi zimeiva zote kwa pamoja. Ule moshi una gesi iitwayo ethilini, na ndizi yenyewe ikianza kuiva inaitoa gesi hiyo hiyo. Ethilini ni homoni ya mmea. Kwa hiyo msije mkadhani nimekuleteeni jambo geni. Bibi zetu walikuwa wakitumia homoni za mimea kabla hakujazaliwa mtu wa kuziandika.

Na asumini je? Asumini mnazotungia vikuba, zinazonukia nyumba nzima usiku wa harusi. Mwaka 1962 wataalamu walitoa katika mafuta ya asumini kemikali iitwayo methili jasmonati, wakaisoma kama harufu tu. Baadaye ikaja kufahamika kwamba jamaa zake zimo katika mimea chungu nzima, na kwamba mmea ukitafunwa na mdudu au ukijeruhiwa, jasmonati ndizo zinazopeleka habari jani hadi jani: jikingeni. Na dafu? Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake walitumia maji ya nazi kukuzia viinitete vichanga vya mmea wa Datura, ambavyo bila ya maji hayo havikuwa vikiendelea. Maji ya nazi yana saitokinini, homoni ya kugawanya seli. Mpaka leo maabara za kuzalisha miche zinayatumia.

Naomba nikae kidogo juu ya jambo moja, kwa sababu wengi hukosea hapa. Homoni si mbolea. Mbolea unapima kwa kilo na kwa gunia. Homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo cha kushangaza. Wamarekani walipotafuta homoni moja iliyomo katika chavua, walikusanya chavua ya mmea wa rapa iliyoletwa na nyuki, kilo 227. Wakachekecha, wakachuja, wakatenga. Unadhani walipata kiasi gani? Miligramu 4. Kilo mia mbili ishirini na saba, miligramu nne! Matokeo yakatangazwa mwaka 1979, na kemikali ile ikaitwa brasinolidi. Kundi lake linaitwa brasinosteroidi. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachoamrisha mmea urefuke na ujikinge.

Na kitu kinachofanya kazi kwa kiasi kidogo hivyo, kikizidi huwa nini? Kuna kisa kingine cha mpunga. Wakulima wa Japani waliijua siku nyingi miche fulani inayorefuka kupita kiasi, myembamba, ya manjano, halafu inaanguka bila ya kuzaa. Mwaka 1926 mtafiti Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwani, alionyesha kwamba kuna kuvu anayetoa kemikali, na kemikali ile pekee, hata kuvu akishachujwa akaondolewa, inatosha kuurefusha mpunga namna ile. Ndiyo jiberelini. Leo inauzwa madukani kwa wakulima wa zabibu na matunda. Homoni ile ile: ikitumiwa kwa kipimo ni faida, ikizidi mpunga unaanguka. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia kwamba ukiongeza dozi utaongeza nguvu, usimsikilize.

Sasa homoni zinapunguzaje sumu ya metali? Nitazitaja chache, na nitazipa uzito kwa kadiri ya ushahidi wake.

Iliyojaribiwa sana ni asidi ya salisiliki. Ni jamaa ya karibu ya aspirini. Mwaka 1979 R. F. White alionyesha kwamba majani ya tumbaku yaliyopewa aspirini yanavumilia zaidi virusi vya mabaka ya tumbaku. Tangu hapo ikaanza kueleweka kwamba asidi ya salisiliki ni ishara ya mmea ya kujihami. Katika majaribio mengi ya kadimiamu na risasi, juu ya mpunga, mahindi, ngano na jamii ya kunde, mbegu zilizolowekwa katika maji yenye asidi hii kidogo huota miche ambayo vimeng'enya vyake vya kuzima oksijeni kali vinafanya kazi mapema, klorofili haiharibiki haraka, na mizizi inaendelea kurefuka. Wakati mwingine kadimiamu inayopanda kwenye shina hupungua pia. Vipimo vinavyotumika sana ni vidogo: miligramu 70 hivi katika lita nzima ya maji. Mara kumi ya hapo, miche inadumaa. Na tafadhali, aspirini ya dukani isiwe dawa yako ya shamba. Ile ni kemikali nyingine, imechanganywa na vitu vingine, na ni ya mgonjwa.

Brasinosteroidi, zile za miligramu nne, zinafanya kazi nzuri sana maabarani. Huamsha kinga za mmea na kuongeza zile fitokelatini za kuikamata metali. Ni ghali, na majaribio mengi tunayoyasoma yamefanywa katika vyungu, si katika bonde la mkulima. Naziheshimu, lakini sitamwambia mtu auze mbuzi kuzinunua.

Asidi ya absisiki ina mtindo wake. Ndiyo homoni ya kiangazi. Inafunga vinyweleo vya majani ili maji yasipotee. Maji yakipanda kidogo, na metali iliyoyeyuka ndani yake hupanda kidogo. Ni hesabu ya wazi, lakini ina gharama: jani lililofunga vinyweleo halipati hewa ya kutosha kutengeneza chakula. Jasmonati za asumini, kwa kipimo kidogo, zinasaidia upande wa kinga. Zikizidi zinazuia kukua.

Ninalolipenda zaidi mimi, na nalisema bila ya kuficha, ni lile lililo karibu nasi. Mwani. Mama zetu wa mwambao wanaulima, kotoni na spinosamu, unasafirishwa nje kwa bei ya chini. India wamekuwa wakikamua maji ya ule ule mwani wa kotoni, wakayachanganya na maji mengi na kuyapuliza kwenye mpunga, mahindi na kunde, na mavuno yakapanda. Maji hayo yana saitokinini na oksini, homoni nyingine ya kukuza mmea. Na mlonge uliosimama kwenye mipaka ya viambaza vyetu: majani yake mabichi yakipondwa na kuchujwa, yakachanganywa sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji, yana zeatini, ambayo ni saitokinini, na imeonekana kuisaidia mimea yenye mkazo wa chumvi na wa kadimiamu. Haya ni mambo kijana wa chuo anaweza kuyafanyia kazi hapa hapa kwa ndoo, kitambaa na mizani ndogo. Lakini mwani nao unafyonza metali kutoka baharini. Kabla ya kuupuliza kwenye mchicha wa watu, upimwe. Hapo sina msamaha.

Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu.

Kuna kazi nyingine ya homoni ambayo wauzaji wa chupa hawakuelezeni. Katika nchi zilizochafuliwa na viwanda, watafiti wanapanda alizeti au mimea mingine si kwa ajili ya kula, bali kwa ajili ya kuufyonza uchafu kutoka ardhini. Kisha wanaivuna na kuiondoa. Na ili alizeti ifyonze zaidi, wanaipuliza nini? Oksini na saitokinini. Homoni. Zile zile! Kwa sababu homoni inapoutia mmea nguvu, mizizi inaongezeka, majani yanaongezeka, na mmea wenye afya unaweza kuvumilia metali nyingi zaidi ndani yake bila ya kufa. Mnaona ilipo hatari? Homoni moja, mmea mmoja, udongo mmoja: matokeo yanaweza kuwa punje yenye kadimiamu kidogo, au jani la kijani lililoshiba kadimiamu. Jicho halitakuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Mmea ukipona, ni mmea uliopona. Mlaji ni hesabu nyingine.

Kwa hiyo mtu akikuletea dawa akasema angalia mchicha wangu ulivyopendeza, muulize suali moja tu: kadimiamu ndani ya jani ni miligramu ngapi? Viwango vipo. Codex Alimentarius, viwango vya kimataifa vya chakula vya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inaruhusu kadimiamu isizidi miligramu 0.2 katika kilo ya mboga za majani, na 0.4 katika kilo ya mchele uliokobolewa. Risasi katika mboga za majani isizidi 0.3. Aseniki isiyo ya kikaboni, ambayo ndiyo kali, isizidi 0.2 katika mchele uliokobolewa. Hizo ndizo namba za kujibizana nazo. Rangi ya jani si namba.

Tufanye nini basi? Homoni isiwe jambo la kwanza. La kwanza ni kuzuia: betri isifunguliwe uani, majivu ya jaa yasitiwe bustanini, mtaro wa gereji uelekezwe kwengine. La pili ni udongo wenyewe. Udongo ukiwa na asidi, kadimiamu inafunguka na mzizi unaipata. Udongo ukiwa na chokaa, inafungika. Wenzetu wanaolima kwenye maweni, juu ya mawe ya matumbawe, wamepewa chokaa na Mwenyezi Mungu bila ya kuinunua. Sisi wa udongo mwekundu wa vilima, uliooshwa na mvua miaka na miaka, tunahitaji kupima asidi na kutia chokaa inapobidi. Chokaa tunaichoma wenyewe visiwani humu. Lakini tahadhari: pale penye aseniki, chokaa nyingi inaweza kuifungua badala ya kuifunga, ndiyo maana nasema pima kwanza. Samadi iliyooza vizuri na mboji safi vinaishika metali, na ndani yake wanaishi bakteria ambao wenyewe hutengeneza oksini karibu na mzizi, na wengine hupunguza ethilini ambayo mmea huitoa ukiwa na dhiki. Mkulima anayetia mboji safi ameshaanza kutumia homoni. Zinki ya kutosha nayo inaipunguzia kadimiamu nafasi ya kupita.

Baada ya hapo, ndiyo, tuloweke mbegu. Kuloweka nakupenda kuliko kupuliza, kwa sababu dawa ni kidogo, gharama ni ndogo, na inaisaidia miche katika siku zake dhaifu kabisa. Na mama jikoni usiku asisahau: vumbi la risasi lililoko juu ya jani linaondoka kwa kuosha, basi tuoshe kwa maji mengi. Kadimiamu iliyoko ndani haioshwi.

Vijana, kwenu nina ombi la kazi. Chagueni konde moja ambalo mwenyewe anakubali. Tengeni matuta ya mchicha: moja mbegu zilizolowekwa maji matupu, la pili zilizolowekwa asidi ya salisiliki kwa kipimo, la tatu maji matupu lakini udongo umetiwa mboji safi, na la nne vyote viwili. Kila aina irudiwe mara tatu au nne, kwa sababu tuta moja linaweza kukudanganya. Tuta la maji matupu msilidharau. Bila ya hilo hamtajua chochote. Udongo uchukuliwe kabla ya kupanda, sentimita ishirini za juu, mwahala kadhaa katika konde, uchanganywe kwenye ndoo ya plastiki. Msitumie karai la bati, kwani bati limepakwa zinki na litaharibu kipimo. Wakati wa kuvuna pimeni uzito, ndiyo, lakini majani yaoshwe, yakaushwe, yatiwe kwenye bahasha za karatasi zenye jina la tuta, na yapelekwe maabara inayopima metali. Majani na udongo, vyote. Jibu likija, liwe zuri liwe baya, lisomwe mbele ya mwenye konde kabla ya kusomwa kwa mtu mwengine yeyote, kwa sababu yeye ndiye anayekula kutoka pale.

Mabwana shamba wamekubali kubaki hapa baada ya sala kuandika majina ya wanaotaka kutoa makonde yao. Na sasa nakaribisha masuali, tuanze na mama zetu wa mboga.